SOMO LETU: MKULIMA, MFANYA BIASHARA NA SERIKALI WAZUNGUMZE VIPI?



Katika toleo hili twaleta somo ambalo huenda wengine wakaliona halihusu jembe wala jamvi. Lahusu maneno. Twataka kueleza jinsi wakulima, wafanya biashara na serikali wanavyozungumza juu ya mali inayotoka mashambani, na yale yanayotokea wanapozungumza vizuri, wanapozungumza vibaya, na wanapokuwa hawazungumzi kabisa.

Sababu ya kuleta somo hili wengi wenu mwaijua. Kabla ya msimu mkuu kuanza, wajumbe wetu wamealikwa kukaa meza moja na wanunuzi na wakubwa wa wizara. Ni heshima, lakini ni mtihani pia. Mara ya mwisho tulipoitwa kwenye mkutano wa namna hii tulikwenda watu kumi na wawili, kila mmoja na lake kifuani. Mmoja alisema juu ya bei, mwingine juu ya barabara, wa tatu juu ya mbuzi wa jirani wanaokula miche. Kisha mkubwa mmoja akatuuliza kwa upole, "Ndugu zangu, kilo moja ya karafuu kavu yakugharimuni shilingi ngapi?" Tukatazamana. Mmoja wetu akataja elfu tatu, mwingine akataja elfu saba. Mkubwa yule akaandika kitu katika daftari lake, na baada ya hapo hapana aliyetuuliza tena. Lawama ile si ya yeyote ila yetu wenyewe, na ya kwanza ni ya mwenye kuandika maneno haya, kwa kuwa daftari ni kazi ya katibu.

Basi na tusome, ili kosa lile lisirudi.

1. MFANO WA KWANZA: UNGUJA NA PEMBA, MWAKA 1937

Wazee wetu wakubwa walihadithiwa habari hii na wazazi wao. Mwaka 1927 ilianzishwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, ambayo si hii yetu ya leo. Katika miaka iliyofuata bei ya karafuu ilianguka kwa sababu ya dhiki iliyoenea ulimwenguni, na wenye mashamba wengi walikuwa wamezama katika madeni kwa wafanya biashara wa Kihindi. Serikali ya Kiingereza ilitaka kumnusuru mkulima. Mwaka 1934 ikatoa amri mbalimbali juu ya ardhi, madeni na biashara ya karafuu, na mwaka 1937 ikatoa sheria iliyoipa Jumuiya ile uwezo wa kuwa mnunuzi pekee wa karafuu za kupelekwa nje.

Nia ilikuwa ya kumsaidia mkulima, na hilo hatulikanushi. Lakini wale waliokuwa na majahazi, maghala, mikopo na wateja wa ng'ambo hawakuridhiwa. Wakagoma. Huko India nako watu wakaungana nao, na Chama cha Congress kikaunga mkono kususia karafuu za Zanzibar. Kumbukeni kuwa India ilikuwa mmoja wa wanunuzi wetu wakubwa kabisa. Karafuu zikanunuliwa kwa wakulima, zikajaa ghalani, na wa kuzichukua akawa haba.

Mwaka 1938 pande zote zikakaa na kupatana. Wafanya biashara wakabaki katika kazi ya kupeleka karafuu nje, na Jumuiya nayo ikabaki na sehemu yake katika ununuzi. Yaani waliishia pale pale ambapo wangaliweza kuanzia, lau wangalikaa kitako kabla ya sheria kutoka.

Twajifunza mambo mawili. Kwanza, sheria inayoandikwa bila ya kumsikiliza anayejua soko huweza kumwumiza yule yule iliyekusudiwa kumponya. Pili, na hili husahauliwa, hata Jumuiya ile iliyobeba jina la wakulima iliendeshwa zaidi na maafisa kuliko wenye mikarafuu. Serikali na wafanya biashara walivutana, na mkulima mdogo wa Pemba akangoja kuambiwa mwisho wake. Wahenga walikwisha sema: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

2. MFANO WA PILI: INDONESIA, 1990 HADI 1998

Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Kutoka huko Mfaransa Pierre Poivre alifanya mpango wa kuchukua miche ikafika Mauritius mwaka 1770, na katika karne ya kumi na tisa mti huu ukashika mizizi kwetu. Lakini Waindonesia ndio wanunuzi na watumiaji wakubwa wa karafuu duniani, kwa ajili ya sigara zao zinazoitwa kretek, ambazo tumbaku yake huchanganywa na karafuu iliyosagwa. Kwa miaka mingi walinunua kwetu. Kisha wakapanda miti yao kwa wingi, na katika miaka ya 1980 wakawa wanajitosheleza. Hapo ndipo bei yetu ilipoporomoka, na wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka.

Lakini je, mkulima wa Indonesia alineemeka? Sikilizeni.

Mwishoni mwa mwaka 1990 serikali ya Rais Suharto ilitia nguvu mpango wa kuunda shirika moja la kununua na kuuza karafuu zote za nchi, lililojulikana kwa herufi BPPC. Aliyeliongoza alikuwa Hutomo Mandala Putra, ajulikanaye kwa jina la Tommy, naye ni mtoto wa Rais mwenyewe. Shirika lilipewa mikopo ya riba nafuu iliyotoka benki kuu. Mpango ulisemwa kuwa ni wa kumlinda mkulima: shirika litanunua kwa bei iliyowekwa kwa kupitia vyama vya ushirika vya vijijini, kisha litawauzia wenye viwanda vya sigara kwa bei iliyo juu zaidi.

Wenye viwanda walikuwa na akiba kubwa ya karafuu maghalani mwao. Walipoona bei mpya, wakapunguza kununua. Shirika likabaki na mlima wa karafuu lisizoweza kuuza, na deni lisiloweza kulipa. Ilipofika mwaka 1992 wakulima wakashauriwa na wakuu wale wale wapunguze mavuno, hata kwa kukata miti. Vijijini mkulima hakuiona ile bei aliyoahidiwa. Wengi wakayaacha mashamba yakawa msitu, wengine wakatia shoka.

Mwaka 1998 Indonesia ilipopatwa na msukosuko wa fedha, Shirika la Fedha la Kimataifa liliweka sharti kuwa ununuzi ule wa peke yake uvunjwe, nao ukavunjwa. Mwezi wa Mei mwaka huo Rais Suharto akajiuzulu. Miaka michache baadaye bei ya karafuu ilipanda sana, kwa kuwa miti ilikuwa imepungua. Lakini aliyekata mti wake hakuwa na cha kuuza.

Sasa hapa tafadhalini mfikiri. Mtu aweza kusema kwamba huko Indonesia kosa lilikuwa kutozungumza baina ya biashara na serikali. Sivyo. Mazungumzo yalikuwapo tena ya karibu mno, kwani mwenye biashara na mwenye serikali walikuwa mtu na mwanawe. Kosa ni kuwa mazungumzo yale yalikuwa ya nyumba moja. Mkulima hakuwapo, mwenye kiwanda hakuridhiwa, na hapana aliyeweza kuuliza hesabu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba serikali na wafanya biashara wanakutana, furaha yetu isitangulie. Kwanza tuulize: ni nani aliyeketi mezani, na ni nani aliyesimama nje?

3. MFANO WA TATU: HAPA KWETU

Baada ya Mapinduzi ya 1964, biashara ya karafuu iliwekwa mikononi mwa serikali, na tangu 1968 mnunuzi wetu akawa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Kwa miaka mingi mkulima alilipwa sehemu ndogo tu ya bei iliyopatikana nje. Serikali ilitegemea karafuu kwa fedha za kigeni, za shule, hospitali na barabara, na hilo lilikuwa na maana yake. Lakini mkulima alipotazama ng'ambo ya bahari na kusikia bei ya pwani ya Kenya, hesabu ikamshinda. Majahazi na mashua zikaondoka usiku. Twajua sote neno lenyewe ni magendo, na twajua kuwa hapana mahali pa kisiwa hiki ambapo halikusemwa kwa sauti ndogo.

Magendo ni kosa, nasi hatuyatetei. Hata hivyo, katika somo letu magendo ni aina ya usemi. Mtu asiyepewa nafasi ya kusema kwa mdomo husema kwa miguu yake. Serikali ikajibu kwa doria na vizuizi, mkulima akajibu kwa njia nyingine ya panya. Hayo nayo ni mazungumzo, lakini ni ghali: serikali hukosa mapato, mkulima huuza kwa hofu na kwa mizani asiyoiamini, na sifa ya karafuu yetu hupotea kwa kuchanganywa na nyingine.

Mwaka 2011 yakatokea mageuzi. Serikali iliipandisha sana bei ya mkulima, na ikatangaza shabaha kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya karafuu inayouzwa nje. Karafuu nyingi zaidi zikaingia vituoni katika msimu ule, na magendo yakapungua. Doria zilikuwapo tangu zamani, lakini kilichovuta watu vituoni ni bei. Mwaka 2014 ikapitishwa sheria mpya ya karafuu, nayo ikataja mfuko wa kuendeleza zao hili.

Hatusemi kuwa mambo yote yamenyoka. Twasema kwamba mtu anapoona sehemu yake ni ya haki, huuza mchana.

4. KWA NINI MKARAFUU WATAKA MANENO YA KUDUMU

Mwenye duka la vitambaa bei ikiharibika mwezi huu, mwezi ujao huleta bidhaa nyingine. Mkarafuu si hivyo. Mche uupandao leo wangoja miaka sita hata minane kabla ya kukupa cha maana, kisha ukitunzwa huzaa kwa miaka mingi mno, hata mjukuu akachuma. Tena hauzai sawasawa. Mwaka mmoja hubeba hata matawi yakainama, na mwaka wa pili hukupa vishada viwili vitatu.

Basi mtu anayepanda mkarafuu anaikopesha nchi miaka minane ya subira. Akiambiwa bei nzuri mwaka huu, na mwaka ujao maneno yakabadilika, hatapanda. Atauza mti kuni. Na serikali ikigawa miche bila ya kuuliza itapandwa wapi na nani ataimwagilia kiangazi, miche itakauka na hesabu ya vitabuni itabaki nzuri. Wakubwa na wataalamu huyaita haya maendeleo endelevu, nasi wa shamba twaweza kuyasema kwa neno fupi zaidi: mjukuu naye apate.

Tukumbuke pia mwaka 1872, kimbunga kilipoipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba ikasalimika. Tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu. Siku moja ya upepo iligeuza biashara ya visiwa viwili kwa zaidi ya karne. Anayepanga kwa ajili ya karafuu ni lazima apange kwa miaka mingi.

5. HESABU YA KILO MOJA

Twarudi kwenye swali lililotuaibisha. Tazameni mfano huu. Bei tulizoweka si za leo. Ni za kujifunzia tu, na kila mmoja ataweka zake.

Kwa kawaida kilo tatu za karafuu mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Chukueni kilo 300 mbichi, zitakazotoa kilo 100 kavu.

Kuchuma, kilo 300 kwa shilingi 1,000: shilingi 300,000.
Kuchambua, kilo 300 kwa shilingi 100: shilingi 30,000.
Majamvi na kazi ya kuanika na kuanua: shilingi 20,000.
Chakula cha wachumaji: shilingi 35,000.
Kupeleka kituoni: shilingi 15,000.
Palizi ya mwaka: shilingi 50,000.
Jumla: shilingi 450,000.

Gawanyeni kwa kilo 100. Kila kilo yagharimu shilingi 4,500 kabla mwenye shamba hajapata hata senti ya kununulia chumvi.

Sasa tuseme mvua imenyesha, karafuu zimevunda majamvini, na kilo 10 zimekataliwa kituoni. Gharama ni ile ile, lakini za kuuza ni kilo 90. Gawanyeni tena: kila kilo ni shilingi 5,000. Mvua ya jioni moja imepandisha gharama kwa shilingi 500 kwa kila kilo. Mtu atakayekwenda mkutanoni na hesabu hii hatahitaji kulalamika kuwa kituo hakina banda la kuanikia; atasema, "Banda laweza kutuokolea shilingi 500 kwa kilo, na nyinyi mtapata karafuu ya daraja la kwanza." Hapo mnunuzi atainua kichwa, kwa kuwa mmegusa faida yake pia.

Tena kuna gharama ambayo hatukuiandika. Kila msimu kuna kijana anayeanguka mkarafuuni. Mguu wake ni wa nani katika hesabu hii? Wa mwenye shamba, wa mnunuzi, au wa serikali? Hili nalo litafutiwe mahali pake mezani, kwa maana mpaka sasa mara nyingi hubebwa na mama yake tu.

6. ADABU ZA MEZA

Kutokana na mifano yetu mitatu, twawaomba wajumbe na wanachama wote wayashike mambo haya:

Kwanza, kukutana kabla. Kila tawi likae, litoe mambo matatu tu, na matawi yote yapatane. Sauti kumi na mbili zikisema pamoja hazisikiki.

Pili, wajumbe wawe wa namna zote. Aende mwenye mikarafuu mia na mwenye mikarafuu sita. Aende mchumaji. Waende na akina mama, kwani kazi kubwa ya kuchambua na kuanika wao ndio waifanyayo, na ubora wa karafuu uko mikononi mwao.

Tatu, kwenda na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari.

Nne, kumsikiliza mnunuzi. Naye ana shida zake: unyevu, vikonyo vilivyochanganywa, na mawe ya kuongeza uzito. Ndiyo, mawe. Tukitaka aweke mizani ya haki, nasi tutie karafuu ya haki katika gunia.

Tano, kuomba jambo la miaka mingi. Bei ya msimu mmoja ni furaha ya msimu mmoja. Tuombe njia ya kuhesabu bei inayojulikana na kutangazwa kabla ya kuchuma, ili mtu ajue anapandia nini.

Sita, kila ahadi iandikwe, na jina la mwenye kuitimiza, na tarehe. Hata ahadi zetu sisi.

Saba, mkutano uwe wa wazi. Tukiitwa kando na kupewa chai na ahadi ya peke yetu, tukumbuke Indonesia. Upendeleo wa leo ni shoka la kesho.

Nchi yetu inazo meza za mazungumzo. Baraza la Taifa la Biashara la Tanzania lilianzishwa mwaka 2001, serikali na sekta binafsi zikiwa ndani yake kwa nusu kwa nusu, na Zanzibar nayo ina Baraza lake la Biashara. Meza si haba. Haba ni mkulima aliyejitayarisha kuikalia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MATAWINI

1. Mwaka 1937 ni nani angepasa kuulizwa kabla ya sheria kutolewa? Na kama ingalikuwa ni wewe, ungalisema nini?
2. Eleza kwa nini mazungumzo ya Indonesia hayakumfaa mkulima, ingawa serikali na biashara zilikuwa karibu sana.
3. Kilo moja ya karafuu kavu yakugharimu shilingi ngapi? Onyesha hesabu.
4. Ukipewa nafasi ya kuomba jambo moja tu, lisilo bei, utaomba nini? Nani mwingine atafaidika nalo?

Jawabu la swali la tatu twalitaka kwa maandishi kutoka kwa kila mwanachama, likabidhiwe kwa katibu wa tawi kabla ya siku ya mkutano. Asiyejua kuandika asione haya. Amtafute mtoto wa shule, amtajie, yeye aandike. Mwenye simu na apige picha karatasi yake aitume. Tutazikusanya zote, tutatoa wastani wake, na tutakwenda nao mkutanoni.

Tukiulizwa tena lile swali, Inshaallah hatutatazamana.

Wassalaam,
Katibu, kwa niaba ya Kamati